Jibu Likijulikana, Basi la Nini?

Chukua karatasi ya maswali wanayopewa wanafunzi siku ya ziara ya mazingira, uisome kabla hawajaondoka. Ikiwa mwalimu anaweza kujaza majibu yote akiwa amekaa ofisini, ziara hiyo imeshakwisha kabla basi halijawashwa. Watoto watakwenda, watapanga mstari nyuma ya mwongozaji, watanakili majina ya miti kutoka kwenye vibao, watakula, watapiga picha, watarudi wamechoka. Mazingira watakuwa wameyaona. Sayansi hawatakuwa wameifanya.

Hoja ya makala haya ni nyembamba: ziara ya sayansi ya mazingira inastahili jina hilo pale tu inapobeba swali ambalo jibu lake halimo kitabuni wala kichwani mwa mwalimu, na ambalo linaweza kujibiwa kwa kupima. Umbali, uzuri wa hifadhi na wingi wa vituo vinafuata nyuma, na mara nyingi vinaweza kuachwa kabisa.

Swali la namna hiyo si lazima liwe kubwa. "Misitu ina umuhimu gani?" ni swali la insha. "Maji huzama ardhini kwa kasi gani chini ya mti ule, na kwa kasi gani kwenye njia tunayoikanyaga wenyewe kila asubuhi?" Hilo ni swali la kutoka nalo nje. Mwalimu anaweza kubashiri kwamba chini ya mti yatazama upesi zaidi. Lakini upesi mara ngapi? Mara mbili? Mara ishirini? Hajui, na watoto wakigundua kwamba kweli hajui, wanaanza kuchungulia kazi kwa jicho lingine.

Jaribio lenyewe halihitaji basi. Tafuta kopo la bati lenye kipenyo cha sentimita 15, likatwe kitako na mdomo libaki kama bomba. Ukingo wa juu ufungwe utepe mzito, maana hapo ndipo vidole hukatika. Weka kipande cha ubao juu yake, kigonge kwa nyundo hadi kopo lizame sentimita 5 ardhini. Mimina mililita 440 za maji, ambazo kwa kopo la ukubwa huo ni sawa na mvua ya milimita 25. Anza kuhesabu sekunde, na usimamishe pale maji yanapotoweka udongo ukabaki unang'aa tu. Kisha mimina tena kiasi kilekile. Namba ya kuandika ni ya mara ya pili, kwa sababu udongo mkavu hufyonza maji ya kwanza kwa pupa na kumdanganya mpimaji.

Linaloharibika mara nyingi hapa ni maji kutorokea chini ya ukingo. Ardhi ikionekana kulowa nje ya kopo, kipimo hicho kitupwe na kopo lihamishiwe hatua moja pembeni. Kwenye njia iliyoshindiliwa na nyayo maji yanaweza kugoma kabisa, na watoto wataanza kurushiana vijiti. Wasisubiri yaishe. Dakika 15 zikipita, wapime kwa rula kina cha maji yaliyobaki na kuandika milimita ngapi zimezama. Makundi matano yenye makopo mawili kila moja yatarudi darasani na namba kumi za kubishania, na geti la shule halijafunguliwa.

Kuanzia uani kuna sababu nyingine isiyohusu nauli. Mwaka 1978 watafiti Falk, Martin na Balling walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watoto waliopelekwa mahali pageni kabisa kwao waliitumia akili yao kuyazoea mazingira yale mapya, na somo lililokusudiwa likawapita. Waliokuwa wameshazoea mazingira ya aina ile ndio walioshika somo. Mwaka 1994 Orion na Hofstein, waliofuatilia ziara za wanafunzi wa sekondari nchini Israeli, waliugawa ugeni huo katika sehemu tatu: ugeni wa maarifa, ugeni wa mahali, na ugeni wa kisaikolojia. Kwa lugha ya mwalimu wa zamu: mtoto hajui vifaa na istilahi, hajui yuko wapi, na hajui atakojoa wapi, atakula saa ngapi na atatembea mpaka lini. Kila jambo asilolijua linakula sehemu ya usikivu wake.

Tiba yake ni rahisi kiasi kwamba inadharauliwa. Siku chache kabla ya safari, onyesha picha tatu au nne za mahali penyewe na ramani iliyochorwa kwa mkono: tutashukia hapa, vyoo viko hapa, tutapimia hapa, tutakulia hapa. Vifaa vijaribiwe darasani kwa beseni la maji. Mtoto anayeshika kipimajoto kwa mara ya kwanza akiwa ukingoni mwa kijito atakiingiza majini, atakitoa, atakiinua usawa wa macho, kisha atasoma. Kufikia hapo kimeshaanza kusoma joto la hewa. Kisomwe kikiwa bado majini, baada ya dakika mbili, na kosa hilo lifanyike na kusahihishwa kwenye beseni. Wakishafika, wape dakika 15 za kuzurura ndani ya mipaka mliyowawekea. Watashangaa, watapiga kelele, watagusa. Mshangao haushindwi kwa kukaripiwa. Upewe nafasi yake mapema, usije ukadai nafasi hiyo katikati ya kazi.

Sasa tuje kwenye kijito, kwa sababu hapo ndipo ziara nyingi za mazingira huishia, na ndipo hitimisho la uongo hupatikana kwa urahisi kuliko mahali pengine popote.

Wadudu na wanyama wadogo waishio chini ya maji wanatumika kupima hali ya mto kwa sababu wanaishi humo kwa wiki au miezi. Maji yakichafuka usiku na kusafika asubuhi, chupa ya sampuli iliyojazwa mchana haitakuambia kitu, lakini wao watakuwa wamekufa au wamehama. Katika sinia jeupe, mtafute mwenye mikia mitatu myembamba kama nywele na matamvua yanayopepea ubavuni mwa tumbo. Mwenzake mwenye mikia miwili na mwili uliolala bapa juu ya jiwe. Na yule anayejijengea kijumba cha changarawe au vijiti na kutembea nacho. Makundi haya matatu kwa jumla huhitaji oksijeni nyingi, na huwa ya kwanza kupungua maji yanapoharibika. Upande wa pili yuko buu mwekundu kama damu, na wekundu wake ni wa himoglobini, ya jamii moja na ile iliyomo katika damu yetu, inayomwezesha kuishi kwenye tope lenye oksijeni haba. Buu huyo peke yake si ushahidi wa uchafuzi. Kinachotia shaka ni yeye na minyoo ya tope kujaa sinia, huku wale watatu hawaonekani.

Kuwakamata kuna utaratibu. Wavu wenye matundu ya nusu milimita hadi milimita moja unasimamishwa chini ya maji, ukingo wake umegusa sakafu ya kijito, mdomo ukitazama maji yanakotoka. Mmoja anasimama mbele ya mdomo huo na kuvuruga mawe kwa mguu wa buti kwa sekunde 30. Mkondo unabeba vyote vilivyong'oka na kuviingiza wavuni. Sekunde hizo zihesabiwe na mtu mwingine, kwa sababu anayevuruga huwa anafurahia na kuendelea hadi dakika nzima, halafu kundi lake linajisifu kwamba sehemu yao ina wadudu mara mbili ya wengine. Kazi ianzie sehemu ya chini ya kijito na kupanda. Ukianzia juu, tope unalolifumua linawashukia wenzako pamoja na wadudu uliowafukuza.

Yaliyonaswa yamwagwe taratibu kwenye sinia lenye maji ya kijito kina cha sentimita 2, kisha mikono yote ikae nyuma kwa dakika mbili. Hili ni gumu kuliko yote. Lakini mtoto akianza kuchokora mara moja, ataona wakubwa wanaoogelea na kuwakosa wadogo waliojibanza kwenye majani, na orodha yake itajaa wenye mbio tu. Dakika mbili zikipita, jani linalodhaniwa ni jani linaanza kutembea. Hapo tumia brashi laini ya rangi au kijiko kuwahamishia kwenye trei ya kugandishia barafu, kila aina na chumba chake. Mtoto wa kereng'ende awe peke yake. Mdomo wake wa chini hufyatuka mbele kama mkono na kuwanasa jirani zake, kisha hesabu inapungua huku mkiitazama. Sinia likae kivulini na maji yabadilishwe kila dakika kumi, maana maji ya kina kile juani hupata joto upesi na kupoteza oksijeni. Kazi ikiisha warudishwe palepale walipotolewa.

Kosa kubwa la kijito liko katika ulinganisho. Kundi la kwanza linawekwa kijitoni upande wa juu wa daraja, maji yanakotoka, penye mawe na maji yanayokwenda kwa kelele. La pili linawekwa upande wa chini wa daraja, maji yanakokwenda, penye utulivu na mchanga. Wa juu wanapata aina tisa, wa chini aina tatu, na ripoti inaandikwa kwamba daraja limechafua maji. Hakuna kilichothibitishwa. Kwenye mawe kuna hewa nyingi majini na mianya ya kujificha. Kwenye mchanga hakuna, na tofauti hiyo ingekuwepo hata kama daraja lisingejengwa. Ukitaka kujua athari ya daraja, linganisha mawe na mawe, kina na kina, kasi na kasi. Joto nalo liko hivyohivyo. Maji yaliyoshiba oksijeni katika nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9.1 kwa lita, na katika nyuzi 30 takriban 7.6 tu. Kundi lililopima saa tatu asubuhi na lililopima saa saba mchana wamepima jua. Filimbi ipigwe, wote wapime kwa pamoja.

Kasi ya maji huhitaji tepu, saa na chungwa. Chungwa zima lenye ganda linafaa kwa sababu huzama karibu lote likibakiza kichwa tu, hivyo upepo haulisukumi kama unavyosukuma kipande cha kijiti au chupa tupu. Pima mita 10 za kijito kilichonyooka, liachie chungwa hatua chache kabla ya mstari wa kuanzia ili lishike kasi, rudia mara tatu, chukua wastani. Ikiwa linatumia sekunde 20, kasi ya juu ya maji ni nusu mita kwa sekunde. Maji ya chini hukokotwa na mawe, kwa hiyo zidisha kwa 0.85 upate 0.425. Kijito kikiwa na upana wa mita 2.4 na wastani wa kina cha mita 0.3, yanapita karibu lita 306 kila sekunde. Hesabu hii watoto wa miaka 12 wanaiweza, na ni mara chache hesabu ya desimali hupata kazi ya maana kiasi hicho.

Kwenye mimea nina lawama moja. Bado kuna walimu wanaowaambia watoto warushe fremu ya mraba nyuma ya bega "ili sampuli iwe ya nasibu". Hiyo si nasibu. Mtoto hurusha upande wenye nafasi, mbali na miiba, na siku mbaya humpata mwenzake kichwani. Laza tepu mbili za mita 10 zikutane kwa pembe mraba, weka vikaratasi vya 0 hadi 9 katika mfuko, chomoa kimoja kwa tepu ya kwanza, kirudishe, chomoa kingine kwa tepu ya pili, na fremu ilazwe pale mita hizo mbili zinapokutana. Namba zikikupeleka kwenye kichaka cha miiba, kichaka hicho ndicho sampuli yako, na kukikwepa ni kuchagua majibu. Fremu ya nusu mita kwa nusu mita igawanywe kwa nyuzi katika vyumba 25, kila chumba asilimia 4 ya eneo. Mmea ulio mpakani uhesabiwe ukigusa pande mbili mlizokubaliana, na uachwe ukigusa mbili nyingine. Bila kanuni hiyo makundi mawili yatahesabu fremu moja na kupata majibu mawili.

Kundi liwe la watoto wanne. Mmoja anashika kifaa, mmoja anasoma, mmoja anaandika, mmoja anatazama saa na usalama, na kila duru wanabadilishana. Wakiwa saba, watatu wanakuwa watazamaji, na mtazamaji aliyechoka ndiye anayeanguka majini. Mwandishi airudie namba kwa sauti kabla ya kuiandika, kwa penseli, maana wino hutiririka karatasi ikilowa. Jedwali lichorwe darasani likiwa na vipimo vyake juu ya kila safu. Karatasi zenye "12" peke yake, bila kujulikana kama ni sentimita au sekunde, hugunduliwa siku ya pili yake, wakati hakuna wa kuulizwa.

Ratiba hudanganya wengi. Kazi inayomchukua mtu mzima dakika 20 wapangie watoto dakika 45. Siku yenye saa sita nje, ukitoa kushuka, kuita majina, vyoo, chakula na kutembea, hubakiza nafasi ya kazi mbili zilizokamilika. Waandaaji hupanga sita. Matokeo yake kila kituo kinakatizwa pale watoto walipoanza kuelewa, na mwongozaji mwenye ujuzi mwingi, kwa nia njema kabisa, anaziba pengo kwa maelezo. Mwongozaji mzuri wa kazi hii ni yule anayeweza kunyamaza jibu likiwa mdomoni.

Usalama una mambo mengi ila machache ndiyo huamua. Anayeongoza ziara atembelee mahali penyewe kabla, ikiwezekana wiki hiyohiyo na saa ileile, akague kina, njia ya kutokea, mtandao wa simu na umbali wa kufika hospitali. Hakuna mtoto kuingia maji yanayopita goti lake, wala maji ya kina hicho yakiwa na nguvu ya kumyumbisha. Maji yakigeuka rangi ghafla au kuanza kubeba majani na vijiti, wote watoke, hata kama mbingu iko wazi, kwani mvua inaweza kuwa imenyesha juu mlimani. Kwenye maeneo yenye kichocho, kuingia maji yasiyo ya chumvi kwa miguu mitupu hakuruhusiwi kamwe, na buti lililojaa maji halina tofauti na mguu mtupu. Hapo msimamizi achote, watoto wafanye kazi ya sinia ukingoni wakiwa na glavu. Radi ikisikika kabla hujamaliza kuhesabu sekunde 30 tangu umeme kumulika, kazi imekwisha, watu waingie ndani ya jengo au gari, na wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Jiwe linainuliwa kwa kushika ukingo wa mbali na kulivuta kuja kwako, ili nge au nyoka aliye chini yake atokee upande wa pili jiwe likiwa ngao. Kisha lirudishwe lilivyokuwa.

Kuna jambo dogo linaloweza kuwanyima nusu ya darasa siku nzima: choo. Msichana aliye kwenye siku zake, akisikia kwamba kutwa nzima hakuna pa kujihifadhi, huomba ruhusa ya kuugua. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu huachwa nyumbani "kwa usalama wake" wakati sehemu yenye ukingo bapa iko mita mia moja kutoka pale palipochaguliwa. Mahali pachaguliwe kwa kuwaangalia hao kwanza.

Namba zikirudi darasani, kipindi cha karibu kabisa ndicho chao. Wiki mbili zikipita, zinakuwa karatasi tu. Ziandikwe zote ubaoni, za makundi yote, hata zilizochekesha. Tuseme makundi mawili yalivuruga mawe yaleyale kwa sekunde zilezile, moja likapata wadudu 14 na jingine 31. Kishawishi cha mwalimu ni kuchukua wastani na kusonga mbele. Asiuchukue kwanza. Awaulize: nani alivuruga, kwa buti la ukubwa gani? Wavu uligusa sakafu, au ulikuwa umeachia mwanya? Kundi lipi lilitangulia, na la pili likakuta nini? Mara nyingi mtoto ambaye hajanyoosha mkono muhula mzima atasema kwamba kundi la pili lilisimama palepale pa la kwanza, na kilichokuwepo kilikuwa kimeshakwenda na maji. Wengine watapinga, kwa sababu wao ndio waliopata 31 na hawataki kuambiwa ni kwa kutangulia tu. Njia ya kujua ni kurudi kijitoni na kuvuruga tena, safari hii makundi yakibadilishana zamu.